Kayambolojisti

Nimepiga kayamba katika kwaya yetu ya Sagalla miaka kumi na miwili, na sijawahi kupewa cheo hata kimoja. Kisha akaja huyu mwalimu mgeni kutoka magharibi mwa nchi. Kabla ya ibada yeye huanika kayamba lake juani, eti mbegu za ndani zikauke, zilie vizuri. Nikawaambia wenzangu kwa kejeli, "Tumeletewa kayambolojisti!" Neno nililibuni mimi, wakalipenda, na sasa hata mchungaji humwita hivyo, kina mama wakipiga vigelegele. Vigelegele, kwa kutikisa matete! Roho iliniuma.

Jumapili iliyopita niliwahi kabla ya watu, nikaanika langu nyuma ya choo cha kanisa, asinione. Nilipolirudia, lilikuwa limegeuzwa upande wa pili, lipate jua vizuri. Sikuhitaji kuuliza ni nani.