Kila Kuku ni Nyumba Moja

Nilikuwa kwenye benchi la ofisi ya michoro ya miambani, kule Kondoa, nikikung'uta mchanga viatuni, gari moja la familia lilipoingia limejaa vumbi. Akashuka baba wa makamo, mkono kiunoni, akinyoosha mgongo kwa shida. Mwongoza wageni alikuwa anafunga mlango.

"Pole, kaka. Kwa leo tumefunga."

"Jamani, tumetoka Dodoma alfajiri."

"Alfajiri? Mbona Dodoma si mbali hivyo?"

Yule baba alifungua buti. Ndani walijazana kuku waliofungwa miguu, wanahema.

"Kila kuku hapo ni nyumba moja," akasema. "Na kila nyumba tumekula ugali."

Mwongoza wageni akacheka. Ndani ya gari, binti yake mdogo akaanza kulia kwamba likizo inaisha na michoro hajaiona. Bibi yake, ambaye hata hakushuka, akatoa kichwa dirishani.

"Mjukuu wangu, michoro imekaa miaka yote hiyo, itakungoja. Dada yangu pale Chemba umemwona alivyokonda. Na yeye atakungoja?"

Yule baba alifunga buti taratibu, kisha akauliza kesho wanafungua saa ngapi.

"Kesho tunaenda kwa baba yako mdogo," yule bibi, mama yake, akamjibu kutoka garini.

Wanaosema likizo ni ya kupumzika hawana ndugu. Yule baba aliinamia usukani kidogo, akageuza gari. Jumatatu atarudi kazini, akapumzike.