Kenya ilipofungwa: nilinyimwa kibali nikiwa na diploma, nikapewa nikiwa boi

Wakuu, salamu kwenu wote, wakubwa kwa wadogo. Shikamoo simpi mtu humu ndani, maana sidhani kama yupo anayenizidi umri. Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe. Asiyeamini apite tu.

Nimesoma uzi wa kijana analia kwamba alifanya booking ya ndege, halafu nchi anayokwenda ikafunga mipaka. Anasema hakuna mtu aliyewahi kudhalilishwa kama yeye.

Kijana, pole. Sasa kaa usikilize.

Miaka ile Mwingereza bado anatutawala, Kenya ilikuwa kwenye hali ya hatari. Vita ya Mau Mau imepamba moto, na Mwafrika wa huku haingii Nairobi bila kibali maalumu.

Mie nilikuwa mwalimu Temeke. Tena si mwalimu wa kuokoteza. Nilizaliwa Masasi, yatima, nikajisomesha kwa kubangua korosho na kufagia madarasa ya misheni, mpaka nikafika chuo kule Uganda na kurudi na diploma. Mtaani kwetu ilikuwa hiyo moja tu. Niliiweka kwenye fremu ya kioo, mkabala na mlango, ili mgeni akiingia aanze kuisalimia yenyewe.

Ikaja telegramu. Dada yangu Fransiska, aliyenilea, amelazwa Nairobi na uvimbe tumboni. Mumewe, dereva wa lori, alizolewa kwenye msako na hajulikani alipo. Madaktari wamekataa kumpasua mpaka ndugu wa damu aweke sahihi. (Muulizeni muuguzi yeyote wa zamani, ndivyo mambo yalivyokuwa.)

Basi lilikuwa linachukua siku nyingi, na mpakani Namanga watu walikuwa wanarudishwa. Nikaamua ndege. Ndiyo, ndege, kwa mshahara wangu mwenyewe.

Karani wa tiketi mjini alinitazama viatu kwanza. Akanishikia nafasi, lakini akasema tiketi hanipi mpaka nilete kibali.

Hapo nikafanya jambo ambalo ni msomi wa enzi zile tu angelifanya. Niliishusha diploma ukutani, nikaizungushia khanga ya mke wangu, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaenda nayo ofisi ya vibali. Nimevaa suti na tai, jua lote lile.

Jirani yetu Bi Zuhura, muuza vitumbua, akaniona.

"Mwalimu, unampeleka nani kuzikwa?"

"Ni diploma, Bi Zuhura. Mzungu akiiona atanifungulia mlango mwenyewe."

"Haya baba. Angalia asiutie komeo."

Ofisa alikuwa Mwingereza kijana, mdogo kwangu. Akaisoma diploma polepole. Nikadhani anastaajabu.

"Huko chuoni ulisoma na Wakenya?"

"Wengi," nikajibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko chake. "Nilikuwa mwenyekiti wa mdahalo. Wote wananifahamu."

"Na Wakikuyu?"

"Ndio rafiki zangu wakubwa, bwana."

Akanirudishia fremu yangu. Kibali hakuna. Nikamweleza habari ya dada, akasema waliosoma ndio wachochezi, na Kenya tayari inao wa kutosha.

Wakuu, nilitoka pale na hasira, si woga. Kitu nilichokitolea jasho tangu utoto ndicho kilichonifungia njia!

Sasa mkuu wa shule yetu, mmisionari, alikuwa anasafiri Nairobi wiki ileile kwa mkutano. Nilipomsimulia, akaniambia, "Nitakuombea kibali kama boi wangu wa nyumbani. Maboi na wapishi wanapita bila shida."

Alisema kwa nia njema kabisa, na nia njema yake ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilimjibu vibaya, nikarudi nyumbani.

Mke wangu Magdalena alinisikiliza huku anakuna nazi. Hakuinua hata kichwa.

"Kwa hiyo wifi afe, wewe ubaki msomi?"

Jioni ileile nikarudi kwa mkuu wa shule, nikamwomba radhi.

Kesho yake nikavaa kanzu nyeupe na kofia, miguu peku, nikasimama nyuma ya mkuu wa shule katika ofisi ileile, mbele ya ofisa yuleyule.

Hakunitambua. Kwanza hakunitazama usoni.

"Mwaminifu?" ofisa akamuuliza huyo bwana wangu.

"Sana."

Mhuri, pa! Basi, yamekwisha.

Wanaotaka kujua ndege ilikuwaje, sikumbuki. Nilikuwa nasaga meno njia nzima.

Nilifika wodini na kanzu ileile. Dada akafumbua macho, akanipima juu mpaka chini. Amekonda, lakini ulimi mzima.

"Wamekufukuza kazi?"

"Hapana, dada. Nimekuja kuweka sahihi."

Nikaweka. Jina kamili, na mwisho wake nikaandika diploma yangu na chuo kilichonipa, nimekandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Muuguzi akasema sahihi pekee inatosha. Nikamwambia kwangu haitoshi.

Wakampasua asubuhi. Alipona, akazaa wengine wawili baadaye.

Nilichojifunza ni hiki. Ukinyimwa njia usikimbilie kudhani umepungukiwa na kitu, maana huenda unacho kitu wanachokiogopa. Ila kama mgonjwa anakusubiri, vaa kanzu uende. Hasira utarudi nayo nyumbani. Yangu bado ninayo, na sina mpango wa kuitupa.

Nyie mliowahi kufungiwa mlango kwa sababu ya elimu yenu, semeni hapa chini, ninasoma zote. Na atakayekuja kunishauri nisamehe, kwanza aende mahali peku, akasimame kama boi mbele ya mtu mdogo kwake, ndipo arudi tuzungumze.