Chanya, Hasi au Sifuri

Same kulikuwa na jua kali na vumbi, kama kawaida yake, lakini kutoka dirisha la chumba cha kompyuta niliona milima imefunikwa na wingu jeusi. Huko juu, Vudee, mama alikuwa peke yake, na nyumba yake iko chini ya ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia mashamba. Ukuta wa ndiva ulikuwa umepata ufa. Mimi ni mwoga wa mvua tangu utotoni, sijawahi kuuficha woga huo.

Kamati ya ndiva ilikuwa imekubaliana kuacha tundu la kutolea maji wazi masika yote. Asubuhi hiyo wakanitumia vipimo, kwa kuwa nafundisha hesabu: mvua hii ikiendelea, maji yatafika kwenye ufa baada ya muda gani?

Nikafungua programu ya aljebra tunayofundishia na kuandika kwamba maji yaliyopo, kujumlisha k, yaani kasi ya maji kuongezeka kwa saa, mara muda, lazima yawe chini ya usawa wa ufa. Programu haikunijibu. Iliniuliza kwanza: k ni chanya, hasi au sifuri? Swali la haki, maana ukigawanya kwa namba hasi alama ya “chini ya” inageuka na jibu zima linageuka nayo. Ndiyo makosa ninayowagombezea wanafunzi kila siku. Tundu liko wazi, nikajisemea, yanatoka mengi kuliko yanayoingia. Nikaandika hasi. Ikajibu kwamba saa zote zijazo ni salama, nami nikashusha pumzi.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

“Shikamoo mama. Mvua vipi?”

“Marahaba mwanangu. Inapiga kweli kweli. Ila mfereji umekauka, nimeuvuka na kuni zangu bila kulowa miguu. Afadhali.”

Mfereji ule unatoka kwenye tundu la ndiva. Kama umekauka mvua ikinyesha, basi tundu limeziba, na maji yote yamebaki juu ya kichwa cha mama. Huku simu ikiwa sikioni, nikafuta maji yanayotoka, nikaweka k ya mvua peke yake, chanya, na kubonyeza tena. Muda: chini ya nusu saa.

“Mama, toka ndani. Nenda kanisani, kule kilimani.”

“Nimeinjika maharage.”

“Mama, acha maharage!” Sijawahi kumpigia mama kelele maishani mwangu. Simu ikakatika.

Nilipiga tena na tena, haikupatikana. Mwenyekiti wa kamati naye hakupokea. Wanafunzi waliingia wakaniamkia, nami nikaendelea kupiga. Niliogopa kutazama mlima, na niliogopa zaidi kuacha kuutazama.

Kipindi kilikuwa kinaisha simu ilipoita kwa namba nisiyoijua.

“Nipo kanisani,” mama alisema. “Ukuta umebomoka. Maharage yamekwenda, sufuria imekwenda, jiko lote limekwenda.” Akavuta pumzi. “Mwanangu, wewe upo huko Same. Uliyaonaje maji ya huku?”

Kwenye simu ileile niliyoishika kulikuwa na ujumbe kwa kamati: “Msiwe na wasiwasi, ni salama.” Nilikuwa nimeshauandika wote. Haukutumwa kwa sababu tu mama aliniwahi kupiga.