Wakili Aliyekuwa Mkwe

Chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, nilirudi nyumbani Mamboleo nikamkuta mama akitafuta wakili. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Obunga, wengi wao wakaangaji wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani baada ya mnofu kupelekwa ng'ambo. Walikuwa wamejenga shule ya chekechea kwa udongo na mabati. Sasa mfanyabiashara mmoja alikuwa amewashtaki, akidai kiwanja ni chake.

Tulizunguka mjini. Wakili wa kwanza alitaka ada kabla hata ya kujibu salamu. Wa pili alisema kikundi kisicho na pesa kiende kanisani kikaombewe. Kanisani kweli kulikuwa na siku ya ushauri wa bure, lakini foleni ilijaa wajane wenye kesi za mashamba, na wakili mwenyewe hakufika.

Ndipo mume wa dada yangu, wakili mwenye ofisi ghorofani, akasema, "Nitawezaje kumtoza mama mkwe?" Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi niliuliza: mtu asiyelipwa na mteja anawajibika kwa nani? Mama akasema masomo yamenifanya nishuku hata mvua.

Akaja nyumbani kutueleza kesi. Kwetu mama mkwe haketi na mkwewe wala hamtazami usoni, hasa wakati wa kula. Basi mama, ambaye ndiye aliyeijua historia yote ya kile kiwanja, alikaa jikoni nyuma ya ukuta, na wenzake sebuleni wakanyamaza kwa heshima yake. Mkwe alikula kuku, akashauri, na hakuna aliyemuuliza chochote ila mimi.

"Shemeji," nikasema, "umeshapeleka majibu kortini?"

"Msomi! Huko chuoni mnafundishwa kumhoji mtu akiwa na paja la kuku mkononi?"

Sebule nzima ikacheka. Kule jikoni mama akakohoa, kile kikohozi cha kuninyamazisha.

"Niachieni mimi," shemeji akasema. "Hii ni kesi ya nyumbani."

Siku ya kesi akina mama walijaa mahakamani na vitambaa safi kichwani. Shemeji alisimama, akasema kwa Kiingereza cha haraka kwamba wateja wake wamekubali kuhama mwisho wa mwezi. Hakimu akaandika. Mama akanivuta shati.

"Amesema nini?"

Nikamwambia.

"Nani amekubali?"

Nje, shemeji alitupita akielekea kwenye gari. Mama aligeuza uso ukutani, kama desturi inavyomtaka, naye akapita salama.

Madawati ya chekechea tuliyaleta nyumbani kwa mkokoteni. Kwenye kiwanja likainuka ghala, na mwenye ghala, yule mfanyabiashara aliyewashtaki, akawa mteja wa shemeji. Nilitaka tumshtaki kwa chama cha mawakili.

"Halafu dada yako atalala wapi?" mama akauliza.

Akina mama wa Obunga nao hawakusubiri jibu letu. "Nyinyi mlipokea ng'ombe wake wa mahari," mmoja alinirushia nikipita karibu na karai lake la mafuta. "Sisi tumepokea nini?"

Krismasi shemeji alikuja na dada kama kawaida, na mkate na sukari. Kuku aliandaliwa. Alipomega ugali, mama alitoka jikoni, akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamtazama usoni. Sikuwa nimewahi kuona jambo hilo. Dada aliinamisha kichwa.

"Ulikubali nini kwa niaba yetu?" mama akauliza.

Shemeji aliutazama ukuta, halafu akanitazama mimi. "Shemeji, mwambie mama arudi jikoni. Hii ni aibu."

Mama hakungoja nimpelekee ujumbe.

"Jikoni hakuna nafasi," akasema. "Kumejaa madawati ya watoto."