Diploma ya Yaya na Mtu wa Wanafunzi

Wakati ule mto ulikuwa umefungwa. Meli haikupanda kutoka Kinshasa wala haikushuka, na kila kilichoingia Kisangani kiliingia kwa ndege kutoka mashariki: sabuni, chumvi, maharagi, askari. Papa, baba yetu, alikuwa na depo ndogo ya maharagi pale Makiso, katikati ya mji, nami, bintiye, nilifanya kazi naye.

Diploma ya yaya, kaka yangu mkubwa, ilifika na meli ya mwisho. Ilikuwa imekwama Kinshasa miaka miwili. Wenzake wengi waliomaliza sekondari naye hawakuipata yao, na vita vilipoanza hawakuwa na pa kuidai. Yake tuliiweka ndani ya plastiki chini ya godoro la papa. Risasi ziliposikika karibu, kitu cha kwanza kuchukuliwa kilikuwa hicho, kisha sufuria. Ingepotea, yaya angekuwa sawa na mimi niliyeishia darasa la sita la msingi, na hakuna ofisi upande wetu ambayo ingeweza kumpa nyingine.

Kisha akaja mtu wa wanafunzi. Ndivyo watu walivyomwita. Alipanga chumba nyuma ya duka la dawa, karibu na bandari, akasema anatafuta vijana wenye diploma awapeleke chuo kikuu Kampala, na chuo kitalipa kila kitu. Alikuwa na kitabu chembamba cha picha: majani yaliyokatwa vizuri, wasichana wanacheka na vitabu mkononi. Alitaka karatasi zenyewe, si kopi, maana wakati wa vita, alisema, kila mtu anajitengenezea kopi.

Papa hakuwahi kununua gunia bila mimi kulimwaga lote kwenye mkeka hadi chini, kwa sababu wauzaji huweka maharagi mazuri juu na mawe katikati. Wachuuzi wote waliotoka Kivu kama sisi humwaga hivyo, na hakuna anayekasirika. Lakini mtu wa wanafunzi alipopita depo, papa hakumuuliza hata swali moja. Alivua kofia. Alimwita monsieur, kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, kwa sababu alivaa tai na Kifaransa chake kilitoka bila kukwama.

Jumanne yaya alikuwa kitandani na malaria, na papa alikuwa akienda uwanja wa ndege kungoja mzigo. Ndege ya mtu wa wanafunzi ilikuwa Alhamisi. Basi nikatumwa mimi.

“Umpe, akupe reçu ya kuonyesha amepokea, urudi,” papa alisema. “Usisimame njiani.”

Chumbani kwake nilikuta watu wanne kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja muuza vitenge, Mwislamu wa zile familia za zamani za mjini, aliyekuwa jirani yetu sokoni. Binti yake alikuwa amesoma darasa moja na yaya. Mama alitoa bahasha ya bintiye, kijana akaitia ndani ya begi jeusi pamoja na nyingine, akaandika jina kwenye daftari.

“Na reçu?” mama aliuliza.

“Zitatoka Kampala, mama. Huko ndiko kwenye mihuri.”

Mama alisita, akanitazama kana kwamba ningeweza kumsaidia, halafu akasogea pembeni. Zamu yangu ikafika. Kijana alinyoosha mkono akashika bahasha, lakini mimi sikuiachia. Sikuwa nimekusudia. Vidole vyangu vilikataa tu. Tukabaki hivyo, yeye upande ule na mimi upande huu.

“Achilia, ma petite.”

Nilitaka kusema reçu, lakini sauti haikuja.

“Huyu mutoto iko bubu?” mwanamume wa nyuma yangu aliuliza.

“Hapana, yeye si bubu,” mama wa vitenge akajibu. “Lakini mukono yake iko na kichwa ngumu.”

Wakacheka. Kijana naye alicheka, akaachia kwa sekunde moja ili avute vizuri zaidi, nami nikageuka nikatoka. Nilitembea haraka hadi nyumbani, bahasha ikiwa ndani ya kanga, na njia nzima niliwaza kwamba nimemnyima yaya maisha yake kwa sababu ya aibu yangu.

Yaya alisikiliza akitetemeka kwa homa, kisha akageukia ukuta. “Donc, kumbe wewe ndiye umeamua,” alisema.

Papa aliporudi hakunipiga wala kunigombeza. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akafikiri. “Andika karatasi kama tunavyoandika tukimwachia mtu gunia,” alisema. “Akiisinya, aweke jina lake chini, nitampelekea diploma mwenyewe.” Niliandika hadi jua likaegemea upande wa pili, mistari mitatu: kwamba amepokea diploma ya fulani, kwamba ataipeleka chuo fulani kwa mtu ambaye jina lake niliacha wazi, na kwamba, mwanafunzi asipokwenda kabla ya Pasaka, ataileta mwenyewe hapa depo.

Hatukuhitaji kumfuata. Jumatano saa nne asubuhi kijana alikuja mwenyewe, shati limelowa jasho, akapita kati ya magunia.

“Papa, muna shida gani na mimi? Nafasi zinaisha.”

Papa alimpa kiti na ile karatasi. Kijana alitoa kalamu mfukoni, akatia sahihi chini bila kuangalia kilichoandikwa, akanyoosha mkono apewe bahasha. Papa alikuwa tayari ameishika.

Wepesi ule ulinitisha kuliko alivyomnyima mama reçu jana. “Asome kwanza,” nilisema. Sijui sauti hiyo ilitoka wapi. Papa alinitazama, kisha akairudisha bahasha kifuani.

“Bon. Soma, monsieur.”

Alisoma kwa sauti. Mstari wa kwanza ulipita. Wa pili ulikuwa na nafasi wazi ya jina la mtu wa chuo, na hapo akakwama. Papa alingoja. Nje waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba watu, walikuwa wakigombea abiria.

“Chuo umekiona na macho yako?” papa aliuliza.

“Nimeona picha.”

“Hizo hata sisi tumeziona. Na diploma unampa nani?”

“Kuna tonton mumoja, muzee fulani, Goma. Yeye ndiye anajua Kampala.”

“Na yeye umeona amepeleka nani?”

Kijana alilegeza tai. Kifaransa chake kilikuwa kimekwisha. “Papa, hata yangu iko kwake,” alisema. “Diploma yangu. Alisema nikileta ishirini, ataniingiza na mimi. Niko na kumi na saba.”

Papa aliichukua karatasi, akaiweka juu ya gunia. “Usipande ndege na karatasi za watoto wa watu,” alisema bila ukali.

“Nisipopanda, yangu imepotea.”

Kijana alisimama, akasema tumuombee, akaenda. Karatasi yenye sahihi yake ilibaki juu ya gunia.

“Yule mama wa vitenge,” papa aliniambia. “Kimbia umwambie.”

Mimi ambaye siku ile ya foleni sikuweza kusema neno moja, nilikimbia hadi meza yake nikamwambia yote mbele ya wateja, nikirudiarudia. Hakuniuliza mara mbili. “Kaa hapa, linda vitu,” alisema, akapanda toleka. Nilikaa nyuma ya vitenge vyake nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Watu waliniuliza bei, nikawaambia sijui. Mchana ulipita. Kila toleka iliyosimama nilidhani ni yake.

Alirudi bahasha ikiwa kwapani, mtandio umeanguka mabegani. Alikaa chini kwanza.

“Amenipa,” alisema. “Nilitaka kumupiga, nikashindwa. Alikuwa ananiangalia sawa mutoto wangu. Watu wawili wa ile foleni nimewakuta njiani, nimewaambia, nao wamechukua yao. Wengine sijui wanaishi wapi.”

Alhamisi ndege iliondoka naye. Zile bahasha nyingine hatukusikia habari zake, wala za kijana.

Jioni ile homa ya yaya ilikuwa imeshuka, na papa alikuwa amemsimulia yote. Nilimpelekea uji, akaupokea bila kuniangalia. Alipofika nusu aliuliza, “Yule mtu wa wanafunzi, ana miaka mingapi?”

“Kama wewe,” nilisema.

Aliweka bakuli chini na uji hakuumaliza.