Mchanga Wangu Hauna Kosa

Nilishasema sitaki. Mwandiko wangu unakwenda upande kama kaa, na shule niliiachia darasa la tatu. Lakini nyie wajukuu mmeniganda kama kupe: bibi andika, bibi andika habari za kiwandani. Haya, mara moja tu. Atakayecheka herufi zangu akaandike za kwake.

Nilishindilia kalibu miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha kusubu chuma. Kalibu ni umbo la mchanga. Chuma kilichoyeyuka kinamiminwa ndani, kikiganda unabomoa mchanga, unatoa kitu chako. Mimi nilichanganya mchanga na udongo na maji kidogo, nikaupima kwa kuuminya kiganjani, konzi moja moja. Ndiyo maana wakaniita Mama Konzi.

Ikaja gundi mpya, eti ishikize mchanga bila udongo wala maji. Hazikupita wiki mbili, miili ya pampu tuliyokuwa tukisubu ikaanza kutoka na nyufa ndani, nyembamba kama njia za mchwa. Msimamizi akadhani kalibu zimelegea, akaongeza gundi. Nyufa zikazidi. Akaongeza tena!

"Mama Konzi," akanisimanga mbele ya watu, "bado unatia maji kwa siri. Mazoea yana taabu. Jumatatu unashika ufagio, kalibu watashindilia wenzako."

"Ufagio mimi? Labda nikufagie wewe."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

Zilibaki siku tatu. Nikatengeneza kalibu mbili: moja ya gundi, kavu kama kifuu, nyingine ya kwangu ya zamani, yenye maji yake. Nikamwendea mmiminaji.

"Mwanangu, ndoo moja ya chuma cha moto, unijazie kalibu hizi zote mbili."

"Msimamizi akijua?"

"Mbona unamwogopa hivyo, kwani ni mkweo?"

Akamimina. Gundi ilipoungua ikanuka kama mkojo uliolala. Vyuma vilipopoa nikataka vikatwe katikati. Cha kalibu ya maji kilikuwa safi. Cha gundi, nyufa tupu.

Binti wa maabara ya pale kiwandani akavibeba vipande. Kesho yake akaniita.

"Bibi, gundi hii ina naitrojeni. Chuma kikiwa moto kinaimeza kama chai inavyomeza sukari. Kikianza kuganda hakiwezi kuibeba yote, kinaitema, na hapo ndipo nyufa zinapotokea."

"Kwa hiyo mchanga wangu hauna kosa."

"Hauna. Na tukipunguza gundi, tukatia metali ya titani kidogo kwenye ndoo, titani itaikamata naitrojeni, ziungane ziwe chembe ngumu. Haitapata nafasi ya kupasua kitu."

Tukajaribu hivyo, na siku ya tatu akaniinamisha kwenye hadubini, nikaviona: vijichembe vya pembe nne, rangi ya dhahabu. Vimetulia ndani ya chuma, nacho kizima, bila ufa.

Jumatatu ile, majibu ya maabara yakiwa mezani kwa msimamizi, niliingia nikasimama palepale pangu, mikono mchangani. Msimamizi akapita, akakohoa, akasema, "Leo kuna joto." Basi. Nikashindilia kalibu miaka mingine minane, na neno la samahani sikulisikia.

Yule msimamizi, sasa mzee, bado yupo, nyumba ya tatu kutoka kwa fundi viatu, mlango wa kijani. Wewe uliyemaliza kusoma, vaa viatu uende. Gonga, umwambie namsubiri aje aniombe radhi, tena aje kwa miguu yake. Na usirudi hapa bila jibu.