Kifuniko cha Tangi la Pili

Kaka yangu alitia vitambaa rangi kiwandani miaka kumi na tisa. Kucha zake zilikuwa za buluu hata siku ya harusi yake, na mashemeji wakamtania kwamba ameoa kabla hajakauka. Maji machafu ya kiwanda yalimwagwa kwenye kijito kinachopita nyuma ya nyumba yetu. Mama aliyafulia mpaka mikono ikamtoka mabaka.

Ndipo akaja mwalimu mmoja wa chuo na matangi mawili. La kwanza lilikuwa wazi, lina vioo vilivyopakwa unga mweupe. Jua likiupiga, ule unga unaikatakata rangi iliyo majini. La pili lilikuwa na vimeng'enya, ndugu wa vile vinavyosaga chakula tumboni, navyo humalizia vipande vilivyobaki. Hilo halifunuliwi, maana jua linaviua. Kaka akakabidhiwa ayatunze. Yakifaulu miezi sita, kiwanda kitajenga makubwa, yakishindwa, yanang'olewa.

Mwezi wa tano wa majaribio nilichota glasi ya maji yaliyotoka tangi la pili nikampelekea mama. Akaona vidole vyangu upande wa pili. Alimshukuru Mungu, akalia.

Wiki mbili kabla ya kipimo cha mwisho walikuja wageni. Bosi wa kiwanda akaagiza kifuniko cha tangi la pili kiondolewe.

"Mzee, vya humu havipatani na jua," kaka akamwambia.

"Kwa hiyo wageni wapige picha bati?"

"Basi dakika tano tu, mzee."

"Wewe mtia rangi, uprofesa umeupata lini?"

Kaka akafunua. Sisi tumelelewa kumtii mkubwa. Kisha akatumwa kubeba viti, halafu meza, halafu viti tena. Hotuba zilikuwa ndefu mpaka wageni wenyewe wakasinzia. Tangi lilikaa wazi tangu saa tatu hadi saa tisa.

Siku ya kipimo maji yalitoka mekundu. Bosi aliandika kwamba mtunzaji alisahau kufunika. Mwalimu aliposoma, alimtazama kaka. Kaka akainama.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza nyumbani.

"Mdogo wangu, nani angeniamini, na kucha hizi?"

Matangi yaling'olewa, kaka akarudi kwenye rangi. Mama bado huniuliza yale maji maangavu yalikwenda wapi. Nami kila jioni namwombea bosi msamaha, kama tulivyofundishwa. Ulimi unanitii. Moyo bado.